Ukipanda mlimani kusali, beba maji

Jumapili ya leo naomba tutembee pamoja kidogo. Hatuendi mbali. Tunaanzia Olasiti, hapa magharibi mwa Jiji la Arusha, mahali ambapo nyumba mpya zinaota kila mwezi na nondo zimesimama juu ya kuta zikisubiri ghorofa ambayo mwenye nyumba bado anaitafutia fedha. Tunavuka barabara ya baipasi, tunapita viwanja vilivyozungushiwa waya na vile vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba haviuzwi. Baada ya nusu saa ya kutembea, nyumba zinapungua. Njia ya gari inageuka kuwa njia ya ng'ombe. Chini kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha, na kati ya mawe kuna vumbi jepesi linalomeza kiatu. Migunga inasimama mmoja mmoja, na mishubiri imejificha kwenye nyufa za miamba.

Ukigeuka nyuma utauona Mlima Meru, mita 4,566, umefunikwa na wingu lake. Wingu hilo ndilo linalotueleza kwa nini hapa ni pakavu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unaupiga mlima upande wa kusini na mashariki, unapanda, unapoa, na kuangusha mvua kwenye migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha. Ukifika upande wa machweo, mfuko umebaki mtupu. Ndiyo maana kwa nauli moja ya daladala mtu wa Arusha anaweza kutoka kwenye mgomba unaodondosha maji hadi kwenye jiwe linalochoma nyayo. Wenzetu wa nchi nyingine husafiri siku nyingi kulitafuta jangwa. Sisi tunalo, au kitu kinachofanana nalo sana, nyuma ya nyumba.

Na watu wa Mungu wanalijua. Pita njia hizo Jumamosi asubuhi utamkuta mama mwenye kitenge mabegani na Biblia kwapani, anapanda polepole. Utamkuta kijana amekaa nyuma ya mwamba, amefumba macho, midomo inacheza. Utasikia sauti ya mtu anayelia kwa Mungu bila kujua kwamba unapita. Usiwacheke. Nyumbani kwao huenda wanalala watano chumba kimoja, redio ya jirani haizimwi, na simu inaita kila dakika. Mtu anahitaji mahali pa kuwa peke yake na Mungu wake. Hata Bwana wetu alihitaji. Marko 1:35 inatuambia aliamka usiku ungali mwingi, akaenda mahali pasipo na watu, akaomba huko. Luka 5:16 inaonyesha kwamba jambo hilo halikuwa la siku moja, ilikuwa ndiyo tabia yake.

Kwa hiyo leo siji kukukataza kupanda. Nakuja kukuambia habari ya siku niliyopanda vibaya.

Ilikuwa mwezi wa pili, miaka kadhaa iliyopita, wakati ambao jua la Arusha halina huruma. Nilikuwa na ugomvi na mdogo wangu juu ya kiwanja alichotuachia baba. Miezi minane hatukuwa tumesalimiana. Kanisani nilikaa upande wa kulia, yeye kushoto. Wiki ile niliamua kufunga, tena mfungo mkavu, bila chakula wala maji, nikapande kilimani nikamwombe Mungu anitetee. Naomba ulielewe neno hilo: anitetee. Sikwenda kuomba amani. Nilikwenda kufungua kesi.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama watoto aliponiuliza ninakwenda wapi nilimjibu, "Natoka kidogo." Nilibeba Biblia, simu yenye chaji kidogo, na chupa ya nusu lita ya maji ambayo niliapa sitaigusa mpaka saa tisa alasiri. Saa nne nilikuwa nimeshapita kilima cha kwanza na cha pili. Nilitaka mahali pa mbali zaidi, nikiamini kwamba kadiri ninavyojitenga na watu ndivyo ninavyomkaribia Mungu.

Hewa ya Arusha inadanganya, ndugu yangu. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, upepo ni mwanana, jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hupotezi maji kumbe unapoteza. Saa saba mchana kichwa kilianza kugonga. Nikaona nishuke kupitia korongo nililodhani litanirudisha barabarani. Korongo likagawanyika, nikachagua tawi, likagawanyika tena. Kuta za udongo zilikuwa juu kuliko kichwa changu. Niliisikia ndege ndogo ikiruka kutoka uwanja wa Kisongo, labda imebeba watalii wa Serengeti, nikajua kwamba sipo mbali na watu hata kidogo, lakini sikujua watu wako upande gani. Simu ilikuwa imezima. Nilipoikumbuka chupa yangu, mkono haukuikuta. Niliiacha kwenye jiwe nilipokuwa nasali.

Nilifika kwenye mgunga nikakaa. Nakuambia ukweli, sikuwa naomba tena. Mdomo ulikuwa mkavu na akili ilikuwa inazunguka.

Aliyenikuta ni kijana wa kuchunga, layoni wa miaka kumi au kumi na mmoja, na mbuzi wake. Aliinamisha kichwa nikamgusa, kama watoto wa Kimaasai na Kiarusha wanavyowaamkia wakubwa. Kisha akanitazama.

"Mzee, umepotea?"

"Hapana, mwanangu. Nasali."

Akafikiri kidogo. "Unasali bila maji?"

Alikuwa na kidumu kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa kamba begani. Akanipa. Nikanywa, na mfungo wangu ukaishia hapo, mikononi mwa mtoto ambaye sidhani kama alikuwa anajua hata neno mfungo. Akanishika mkono mpaka kwenye boma lao, mama yake akanipa chai ya maziwa, nikalala chini ya kivuli. Jua lilipoanza kuinama niliisikia pikipiki. Mama watoto alikuwa amempigia simu kila mtu anayenifahamu, na mmoja tu ndiye aliyechukua bodaboda na kuanza kuuliza boma kwa boma. Alikuwa mdogo wangu. Alisimama mbele yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Kaka, twende nyumbani."

Tangu siku hiyo nimeisoma sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kwa macho mengine. Naomba uifungue leo jioni. Eliya anamkimbia Yezebeli. Anafika Beer-sheba, na mstari wa tatu unasema jambo ambalo tunalipita haraka: anamwacha mtumishi wake pale. Kisha anaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake. Anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Mtu aliyeshusha moto Karmeli sasa amelala chini ya kichaka, hana mkate, hana maji, hana mtu.

Nakuomba tuyaone mambo matatu hapo.

La kwanza, Mungu alianza na mwili. Malaika hakuja na hotuba. Hakumkemea Eliya kwa kukosa imani, wala hakumwambia azidi kufunga. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa sababu mwendo uliokuwa mbele ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake. Aliyetuumba anajua kwamba sisi ni mavumbi na kwamba mavumbi yanahitaji maji. Katika jangwa hilo hilo la Beer-sheba, miaka mingi kabla, kiriba cha Hajiri kiliishiwa, na Mungu alimfumbua macho akaona kisima (Mwanzo 21). Mungu wa Biblia haoni haya kuleta maji. Kwa nini sisi tuone haya kuyabeba?

La pili, Mungu alimuuliza swali. Alipofika Horebu, baada ya siku arobaini, Eliya aliulizwa anafanya nini pale. Aliulizwa mara mbili. Na mara zote mbili alijibu kwa maneno yale yale: kwamba wengine wote wameacha, amebaki yeye tu. Hilo ndilo tatizo la kukaa peke yako muda mrefu. Unaanza kuamini kwamba uko peke yako. Unajiona wewe ndiye mwaminifu, wewe ndiye uliyeonewa, wewe ndiye unayeomba. Mimi pale kilimani nilikuwa na hotuba ya Eliya kwa ukamilifu, isipokuwa adui yangu hakuwa Yezebeli, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Ukipanda leo na swali likakujia, "Unafanya nini hapa?", ulijibu kwa kweli. Je, umemfuata Mungu, au umemkimbia mtu?

La tatu, Mungu alimrudisha. Baada ya upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ya utulivu, Eliya hakuambiwa ajenge kibanda mlimani. Aliambiwa arudi kwa njia yake. Alipewa majina ya watu wa kuwaendea, na mmoja wao ni Elisha, ambaye angekuwa mwenzake na mrithi wake. Kisha akaelezwa hesabu ambayo hakuijua: wako elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Yule aliyejiona mmoja alikuwa mmoja kati ya maelfu. Dawa ya upweke wa Eliya ilikuwa watu.

Mtazame na Bwana Yesu. Asubuhi ile ya Marko 1, Simoni na wenzake walimtafuta mpaka wakampata, naye hakuwafukuza. Akaondoka pamoja nao kwenda vijiji vya jirani. Katika Mathayo 14 alipanda mlimani peke yake kuomba, na usiku ule ule akashuka akawafuata wanafunzi wake waliokuwa wanahangaika na mawimbi. Alipanda ili ashuke kwa watu.

Hata Antoni wa Misri, Mwafrika ambaye Kanisa linamwita baba wa watawa, aliyezaliwa karibu mwaka 251, alipojifungia kwa karibu miaka 20 katika ngome iliyoachwa jangwani, alikuwa na rafiki waliomletea mikate mara mbili kwa mwaka. Yule tunayemtaja kama mfano wa kujitenga alikuwa na watu waliojua yuko wapi na waliohakikisha anakula.

Nafahamu yupo atakayeniuliza: je, Esta? Hakufunga siku tatu bila kula wala kunywa? Ndiyo, alifunga. Lakini soma Esta 4:16 kwa utaratibu. Alimwomba Mordekai awakusanye Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake, na wajakazi wake wakafunga pamoja naye. Alikuwa ndani ya nyumba, katikati ya watu wake, na taifa zima lilijua yuko wapi na anaomba nini. Hakuwa peke yake korongoni saa saba mchana. Na Musa? Kutoka 34:28 inaeleza muujiza uliotokea mbele za uso wa Bwana juu ya Sinai. Muujiza wa Mungu tunausifu, hatuugeuzi kuwa kanuni ya kila mtu. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika wapo, Yesu alikataa. Alilitambua lile jaribu: kumlazimisha Mungu atuokoe kwenye hatari tuliyoitengeneza wenyewe. Mfungo ni njema. Kuuweka mwili wako juani bila maji ili Mungu alazimike kujibu, hilo ni jambo jingine.

Afrika Mashariki tumeona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Walikuwamo watoto. Serikali ilieleza kwamba walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Simfananishi mama anayepanda kilima cha Kisongo na mkasa huo. Ni mbali sana. Lakini mambo mawili yanafanana na yanapaswa kututisha: kutengwa na ndugu, na kuambiwa kwamba mwili hauna thamani. Mahali popote unapofundishwa hayo mawili kwa pamoja, ondoka. Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, na aliyelisema hilo ni Paulo, mtu aliyeijua njaa na kiu.

Basi tufanyeje? Naongea kama mtu aliyebebwa kwa bodaboda.

Ukipanda, mwambie mtu mmoja. Mtajie njia unayopita na saa utakayorudi, na umwambie afanye nini usiporudi. "Natoka kidogo" si taarifa. Beba lita mbili au tatu za maji kwa siku nzima, hata kama umefunga. Yakirudi nyumbani hujapoteza kitu. Chaji simu usiku wa kuamkia safari, na uzikumbuke namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Anza alfajiri, shuka kabla jua halijafika utosini. Kichwa kikigonga, miguu ikilegea, maneno yakianza kuchanganyika, mfungo umekwisha. Kunywa, kaa kivulini, tafuta mtu. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mama mjamzito, zungumza na daktari wako kabla hujaamua kufunga, na umwambie mchungaji au padri wako alichokujibu.

Korongo usilifanye barabara. Wakati wa masika mvua ikinyesha juu Meru, maji yanaweza kukufikia ukiwa chini ya anga safi. Hapa Arusha, Aprili 2024, tulizika watoto wa shule ambao gari lao lilisombwa na maji korongoni. Tusisahau.

Dada zangu, nendeni wawili au watatu. Kaeni mbalimbali wakati wa kuomba kama mnataka faragha, lakini msipotezane macho. Na sote tukumbuke kwamba ardhi ile tunayoiita jangwa ni malisho ya watu. Kuna boma kule. Salimia, omba njia, na urudi na chupa zako za plastiki, kwa maana ng'ombe akizimeza, anayekula hasara ni mama yule yule atakayekupa chai siku utakayopotea.

Nanyi viongozi wetu wa kiroho, wachungaji, mapadri, makatekista na wazee wa kanisa, naomba neno moja kwa heshima. Mtu akikujia akasema anakwenda mlimani, usimuulize tu amefunga siku ngapi. Muulize anakwenda na nani, amebeba nini, na ana ugomvi na nani nyumbani. Msimwaibishe aliyekunywa maji. Na Jumapili, kabla ya kumhesabu aliyehubiriwa, mhesabuni aliyekosekana.

Utaniuliza kesi yangu iliishaje. Sikutetewa. Mdogo wangu hakugeuka siku ile akasema kiwanja ni changu, na mimi sikuwa mtakatifu kiasi cha kumwambia kichukue. Tulikaa na wazee wa ukoo mara nne, tukakigawa, na mpaka leo kila mmoja anadhani mwenzake alipata kipande kizuri zaidi. Lakini tunasalimiana. Kanisani tunakaa benchi moja. Nilimwendea Mungu juu kilimani nikitaka aseme nami dhidi ya ndugu yangu, na jibu lake likaja jioni juu ya pikipiki, likiwa na uso wa ndugu yangu.

Mpendwa msomaji, wiki hii tafuta mahali pako pa utulivu. Kama ni kilima cha mawe, panda. Lakini kabla hujatoka mlangoni fikiria: mtumishi gani umemwacha Beer-sheba? Ni nani hujamsalimia? Huenda huyo ndiye atakayekutafuta boma kwa boma.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemlisha Eliya chini ya mti, utufundishe kuja kwako bila kuwakimbia watu wako. Utulinde njiani, utupe akili ya kubeba maji na moyo wa kuwapa wengine. Umbariki kila mtoto anayechunga kwenye jua. Uturudishe nyumbani tukiwa na amani. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.